Kupanga malazi Iringa: mambo ya kuuliza mapokezi kabla ya kutuma fedha

Kazi yangu ni kuwafundisha wahudumu wa mapokezi na wasimamizi wa vyumba katika hoteli za Nyanda za Juu Kusini, na kabla ya kuwa mkufunzi nilikaa miaka mingi nyuma ya meza hiyo hiyo ya mapokezi. Kwa sababu hiyo ndugu na marafiki wanaokwenda Iringa kwa mahafali, semina, msiba au matembezi ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha hunipigia simu kuuliza hoteli ipi ni nzuri. Swali hilo silijibu kwa kutaja jina. Katika mji wa ukubwa ule, hoteli za bei ya kati zinakaribiana mno kwa majengo, kwa vitanda na hata kwa bei, na kinachomfanya mgeni mmoja aondoke ameridhika na mwenzake aondoke ananung'unika ni mambo yasiyoonekana kwenye picha, ambayo yangejulikana mapema kwa simu moja tu.

Ninaposema bei ya kati nina maana ya hoteli zilizo juu ya gesti za kawaida na chini ya zile chache za kifahari: chumba chenye choo na bafu ndani, maji ya moto, chandarua, runinga, intaneti ya kiasi, kifungua kinywa kilichomo ndani ya bei, na maegesho yenye mlinzi. Kupanga hoteli kwa nyota ni kazi ya Wizara ya Maliasili na Utalii, inayotumia vigezo vya pamoja vya Jumuiya ya Afrika Mashariki, lakini hoteli nyingi za miji yetu midogo hazina daraja lolote rasmi. Hivyo kukosa nyota si dalili ya ubaya, na nyota zilizochorwa kwenye kibao cha getini si ushahidi wa chochote.

Kabla ya kufikiria chumba, fikiria mji wenyewe ulivyokaa. Iringa imejengwa juu ya mgongo wa kilima, zaidi ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, na barabara kuu ya kutoka Dar es Salaam kwenda Mbeya haipiti katikati yake bali chini bondeni, Ipogolo. Stendi kuu ya mabasi ya mikoani nayo iko Igumbilo, kwenye barabara hiyo hiyo ya chini. Msafiri anayelala usiku mmoja tu kisha aendelee Njombe, Songea au Mbeya hana sababu ya kupandisha mizigo mlimani na kuishusha tena alfajiri. Atafute chumba huku chini, akubali kelele za malori. Mwenye shughuli katika ofisi za serikali, benki au Soko Kuu apande juu, maeneo ya Uhindini, Miyomboni au Mshindo, ambako mengi yanafikika kwa miguu. Gangilonga na Wilolesi kuna utulivu, miti na mandhari ya kupendeza, ila ukitoka kwenda kula usiku utahitaji bajaji ya kukurudisha. Aliyekuja kwa ajili ya Chuo Kikuu cha Iringa ataokoa muda mwingi akilala upande wa Kihesa. Nimewaona wageni wakisumbuka kutafuta punguzo la shilingi elfu tano kwa usiku, halafu wanatumia zaidi ya hizo kila siku kwa nauli za kwenda na kurudi.

Tarehe nayo ina uzito wake. Mji una vyuo vikuu kadhaa, na mahafali yao huangukia zaidi Novemba na Desemba. Wiki hizo wazazi hujaza vyumba vyote vya maana, na wanaochelewa huishia kulala mbali kuliko walivyokusudia. Katika miezi mingine hoteli za katikati ya mji hutegemea semina na mafunzo, kwa hiyo hujaa Jumatatu hadi Alhamisi na kupungukiwa wageni Ijumaa hadi Jumapili. Kuna jambo ambalo walio nje ya kazi hii hawalijui: mwandaaji wa semina hushikilia vyumba vingi kwa mkupuo, lakini orodha kamili ya washiriki huileta siku mbili tatu tu kabla, na vyumba vilivyozidi hurudi mapokezi siku hiyo hiyo. Ukiambiwa hoteli imejaa, uliza kama imejazwa na kundi, na kama ndivyo, uliza lini watathibitisha idadi. Kisha piga tena siku hiyo.

Sasa tufike kwenye maji ya moto, ambayo kwa Iringa ndiyo hasa unayoyalipia. Kuanzia Juni hadi Agosti usiku ni wa baridi, nyuzi joto zinaweza kushuka hadi karibu 10, na mtu aliyetoka Dar es Salaam au Tanga hupata mshtuko wa kweli anapofungua bomba saa 11 alfajiri. Hoteli zote zitakujibu kwamba maji ya moto yapo. Jibu hilo halikusaidii kitu mpaka ujue yanachemshwaje, kwa kuwa kila njia ina tabia yake.

Iliyoenea zaidi ni hita ndogo ya umeme iliyofungwa pale bomba la mvua linapotokea, inayopasha maji yakiwa yanapita. Kifaa hiki kina nguvu maalumu isiyobadilika, kwa hiyo huongeza joto la kiasi fulani tu juu ya lile ambalo maji yamekuja nalo. Mwezi Julai maji ya tangini yana ubaridi mkali, na hita ile ile iliyokuunguza Desemba sasa itakupa uvuguvugu. Dawa yake ni kupunguza mkondo wa maji, wala si kuufungua zaidi kama wengi wanavyofanya, maana maji yanayopita polepole hukaa ndani ya hita kwa muda mrefu zaidi. Lakini usipunguze kupita kiasi, kwani hita hizi huhitaji msukumo fulani ndipo ziwake, na ndiyo sababu vyumba vya ghorofa ya juu kabisa, vilivyo karibu mno na tangi la paa, mara nyingi huwa na hita nzima ambayo haiwaki. Njia ya pili ni boila, tangi dogo la kuhifadhi maji ya moto ukutani au juu ya dari. Hili hutoa maji mazuri kuliko yote, ila huhitaji muda wa kuchemka, na hoteli nyingi huzima swichi yake chumba kinapokuwa kitupu ili kubana matumizi ya umeme. Mwambie mhudumu aiwashe wakati unajiandikisha, usisubiri mpaka umeshavua nguo. Ya tatu ni mitambo ya jua iliyo juu ya paa. Kwa anayeoga jioni haina mpinzani, lakini anayeoga alfajiri, hasa siku za mawingu, atakuta wenzake wa jana wameshayamaliza maji yenye joto.

Kwa hiyo swali langu kwa mapokezi huwa refu kidogo: chumba nitakachopewa kinatumia hita ya aina gani, na umeme ukikatika jenereta inaziendesha hita au taa na soketi peke yake? Mara nyingi ni taa na soketi peke yake, kwa kuwa hita za vyumba vyote zikiwashwa kwa pamoja zingeizidi nguvu jenereta ya kawaida. Mhudumu anayelijibu swali hili bila kubabaika anaijua hoteli yake, na hiyo peke yake ni habari njema. Ukiwa bado kwenye simu, ulizia na blanketi la ziada. Kiyoyozi usikilipie, mji ule hauna kazi nacho.

Kuhusu kelele nitasema machache. Hoteli nyingi za bei ya kati zina ukumbi, na ukumbi Jumamosi ni harusi, sendoff au kipaimara, chenye muziki unaoweza kuendelea mpaka usiku wa manane. Uliza kama ukumbi umekodiwa tarehe zako. Omba chumba cha upande wa nyuma, mbali na jiko, baa na jenereta. Kama unasafiri na mzee, taja mapema kwamba unahitaji ghorofa ya chini, kwa sababu lifti katika daraja hili la hoteli ni nadra. Ukubwa wa kitanda pia utajwe kwa futi, tano kwa sita au sita kwa sita, maana chumba kinachoitwa dabo kwenye hoteli moja kinaweza kuwa na kitanda ambacho hoteli jirani ingekiita singo.

Bei na uhifadhi wa chumba ndipo hutokea ugomvi mwingi, na mara nyingi kosa huwa la utaratibu kuliko la mtu. Mitandao mikubwa ya kuhifadhi hoteli hukata kamisheni kutoka kwa hoteli, kwa kawaida karibu asilimia 15 au zaidi, na hivyo anayepiga simu moja kwa moja ana nafasi halali ya kuomba sehemu ya kiasi hicho kama punguzo. Kwa upande mwingine, mtandao unakuachia maandishi, ilhali simu haikuachii chochote. Chumba kilichoahidiwa kwa mdomo saa 12 jioni hupotea kirahisi zamu inapobadilika, kama aliyepokea simu hakuandika kwenye daftari la uhifadhi au hakumkabidhi mwenzake. Ushauri wangu ni kuchagua kwenye mtandao, kuongea kwa simu, kisha kutuma ujumbe wa WhatsApp kwa namba ya hoteli ukitaja jina lako, tarehe ya kuingia na ya kutoka, aina ya chumba, idadi ya watu, bei mliyokubaliana na kama kifungua kinywa ni cha mtu mmoja au wawili, ukiomba wajibu kwa kuthibitisha. Ujumbe huo ni mkataba wenu. Malipo ya awali yatumwe kwa lipa namba inayotokea kwa jina la hoteli. Ikitokea kwa jina la mtu binafsi, simamisha muamala na uombe kuongea na meneja, hata kama unayeongea naye ni mkarimu kiasi gani. Kuanzia Machi 2025 kanuni zinakataza bei za ndani ya nchi kutajwa kwa fedha za kigeni, kwa hiyo hata mgeni kutoka nje ana haki ya kutajiwa bei kwa shilingi.

Tangu mabasi yaruhusiwe tena kusafiri usiku mwaka 2023, limezuka tatizo jipya linalowakuta wageni wengi bila kulitarajia. Siku ya hoteli huanza saa 8 mchana na kuisha saa 4 au 5 asubuhi ya siku inayofuata. Anayeshuka Igumbilo saa 10 usiku wa kuamkia Jumamosi, akiwa amehifadhi chumba cha Jumamosi, kwa hesabu ya hoteli amewahi kwa muda wa saa kumi nzima, na kama hoteli imejaa atakaa kwenye kochi la mapokezi mpaka mtu atoke. Sema mapema saa utakayofika na uombe bei ya kuingia alfajiri. Hoteli nyingi hukubali nusu ya bei ya usiku kama chumba kiko wazi, lakini hazikubali kirahisi hivyo pale unapokuwa umeshasimama mlangoni na begi.

Wanaokwenda Ruaha nawaambia jambo ambalo wenye hoteli za mjini hawatafurahia kulisikia. Hifadhi iko umbali wa kilomita 130 hivi kutoka mjini, na sehemu kubwa ya safari ni njia inayochosha. Mnyama huonekana vizuri asubuhi mapema na jioni, na mgeni anayelala mjini atafika jua likiwa limepanda na kulazimika kuondoka kabla halijapoa. Kama uwezo unaruhusu, lala mjini usiku wa kwanza, usiku wa pili ulale Tungamalenga, kijiji kilicho karibu na hifadhi, au ndani ya hifadhi yenyewe, kisha urudi mjini. Kalenga, penye makumbusho yenye fuvu la Mtwa Mkwawa lililorejeshwa kutoka Ujerumani mwaka 1954, iko upande wa barabara hiyo hiyo ya Ruaha na inafaa kupitiwa wakati wa kurudi. Isimila, penye zana za mawe za kale na nguzo za mchanga, iko upande wa Mbeya, kilomita 20 hivi, na inamalizika kwa nusu siku. Ukiulizia hotelini usafiri wa Isimila, uliza pia kama bei ni ya gari zima au ya kichwa, na kama inahesabu muda wa dereva kusubiri.

Kifungua kinywa huanza saa 1 asubuhi karibu kila mahali, kwa hiyo mwenye basi la alfajiri aombe jana yake afungiwe chapati, yai na chupa ya maji, kwa kuwa ameshavilipia. Kwa mtumishi anayesafiri kwa masurufu, jioni hiyo hiyo ndiyo ya kushughulikia risiti: walipe kabla ya kulala, wape jina la mwajiri na namba yake ya mlipakodi iliyoandikwa wazi, na uhakikishe risiti ya EFD, yaani ya mashine ya kodi, inasoma idadi sahihi ya siku. Saa 11 alfajiri aliye mapokezi mara nyingi ni mhudumu wa usiku asiye na ruhusa ya kugusa mashine, na risiti ikishatoka kwa jina lisilo sahihi, kuirekebisha kunamhitaji mhasibu, ambaye hafiki kazini kabla ya saa 2.