Madhara ya kamari: maana yake katika utafiti wa afya ya umma

Katika utafiti wa afya ya umma, madhara ya kamari ni hasara yoyote ya kiafya au ya ustawi inayoletwa au kuzidishwa na uchezaji wa kamari, iwe imempata mchezaji mwenyewe, familia yake au jamii inayomzunguka. Dhana hii ni pana kuliko uraibu. Uraibu wa kamari ni ugonjwa wenye vigezo vya kitabibu, na wanaougua ni sehemu ndogo ya wachezaji. Madhara huanza mapema zaidi. Baba anayeweka mkeka kwa simu kila wikiendi huenda asitimize vigezo vya kutosha kuhesabiwa mgonjwa, lakini akishachukua fedha ya karo na kumficha mkewe, mtoto hurudishwa nyumbani na amani ya nyumba huanza kupotea.

Mwaka 2016 watafiti wa Australia waliyagawa madhara haya katika nyanja saba, zikiwemo fedha, mahusiano, afya ya mwili, hali ya kihisia, na kazi au masomo. Walisisitiza pia jambo ambalo takwimu za wagonjwa hazilioni, kwamba mengine hubaki hata baada ya mtu kuacha kucheza, kwa kuwa deni huendelea kudaiwa na ndoa iliyovunjika si lazima irudi.

Mwaka huohuo, utafiti uliofanywa katika jimbo la Victoria, nchini humohumo Australia, ulikadiria kwamba takriban asilimia 85 ya mzigo wote wa madhara uliwaangukia wachezaji wa hatari ndogo na ya wastani, kwa sababu, ingawa kila mmoja wao huumia kidogo kuliko mraibu, idadi yao ni kubwa mno. Wapo wataalamu waliopinga hesabu hiyo, wakisema kwamba usumbufu mdogo wa watu wengi haupaswi kujumlishwa na kuwekwa kwenye mizani moja na maangamizi ya wachache. Hoja yao ina uzito, lakini kwa maoni yangu haiondoi wajibu wa kuwalinda wengi ambao hawatafika kliniki kamwe.

Hapo ndipo kinga inapobadilika sura. Kumhimiza mchezaji “acheze kistaarabu” ni kumtwisha yeye peke yake mzigo ambao sehemu yake kubwa hutokana na bidhaa iliyobuniwa kumfanya aendelee kucheza, na si haki. Afya ya umma huigusa bidhaa yenyewe pamoja na matangazo yake. Uingereza, mnamo Aprili 2019, ilishusha dau la juu kwenye mashine za kamari za maduka ya kubeti kutoka pauni 100 hadi pauni 2. Norway ilikwenda mbali zaidi: iliziondoa mashine zake za kamari Julai 2007, kisha ikaruhusu nyingine chini ya kampuni ya serikali, zinazotumika kwa kadi ya mchezaji na zenye kikomo cha fedha ambazo mtu anaweza kupoteza.