Augustino dhidi ya Augustino: nukuu za Mababa katika teolojia ya Zama za Kati

Fungua Summa Theologiae, kitabu kikuu cha teolojia cha Thoma wa Akwino (karne ya 13), popote upendapo. Hutamaliza ukurasa kabla ya kukutana na "Augustino anasema", "Dionisio anasema", "Mwanafalsafa anasema". Huyo Mwanafalsafa ni Aristotle, na jina lake halikuwa na haja ya kutajwa. Msomaji wa leo akiona nukuu hizo hukimbilia kusema kwamba waandishi hawa walikariri tu maneno ya wakubwa wao, na kwamba walikuwa wamevisoma vitabu vyote wanavyovitaja. Yote mawili si kweli. Nukuu ndiyo iliyoanzisha ubishi, na mara nyingi kitabu ilikotoka hakikuwapo mezani.

Nianze na vitabu. Kabla ya uchapaji kila nakala iliandikwa kwa mkono, tena mara nyingi juu ya ngozi, na maandishi ya Augustino peke yake ni mengi kupita uwezo wa maktaba nyingi za wakati ule. Kwa hiyo walimu waliishi kwa makusanyo ya dondoo. Mwanzoni mwa karne ya 12 shule ya Anselm wa Laon ilikuza Biblia yenye glosa: maneno ya Maandiko katikati ya ukurasa kwa herufi kubwa, maelezo ya Mababa (waandishi wakuu wa Kanisa la karne za kwanza) pembezoni, na maelezo mafupi zaidi yamebanwa juu ya mistari yenyewe. Wahubiri nao walikuwa na vitabu vyao. Manipulus florum, kilichokamilishwa Paris mwaka 1306 na Thomas wa Ireland, kina dondoo zipatazo 6,000 chini ya vichwa 266 vilivyopangwa kwa alfabeti. Padre mwenye mahubiri ya mazishi alifungua kwenye "kifo", akachukua Yeronimo, Gregori Mkuu na Seneca, kazi ikaisha.

Kitabu kilichowashika wote ni Sentensi (yaani kauli) za Peter Lombard, kilichoandikwa Paris miaka ya 1150. Kina sehemu nne: Utatu, uumbaji na dhambi, Kristo na fadhila, sakramenti na mambo ya mwisho. Lombard huuliza swali, huweka kauli za Mababa zinazoelekea kugongana, kisha hutafuta njia ya kuzipatanisha. Augustino ndiye anayetawala, wengine wote wako nyuma yake kwa mbali. Mababa wa Mashariki wanasikika kidogo sana. Yohane wa Damasko, kwa mfano, aliweza kutumika kwa sababu tu Burgundio wa Pisa alikuwa ndiyo kwanza amemtafsiri kwa Kilatini.

Miaka ya 1220 Alexander wa Hales akakifanya kitabu hicho kuwa cha kufundishia, na baada yake ikawa desturi kwamba anayetaka kuwa mwalimu wa teolojia sharti akifafanue darasani. Bonaventura alikifafanua, Thoma alikifafanua, Duns Scotus na Ockham vilevile, na Martin Luther naye alikifafanua akiwa Erfurt kuanzia mwaka 1509. Fikiria maana yake: dondoo aliyoichagua Lombard ilisomwa na kila mwanateolojia wa Magharibi kwa karibu miaka 300. Lakini Lombard mwenyewe hakuchota dondoo zote kisimani. Nyingi alizichukua kwenye makusanyo ya waliomtangulia, kama yale ya Florus wa Lyon juu ya nyaraka za Paulo na yale ya Gratian ya sheria za Kanisa. Kwa hiyo ukiona katika karne ya 13 "Augustino anasema", huenda sentensi ile imepita mikono mitatu au minne, ikapunguzwa hapa na kuunganishwa pale.

Aliyesoma elimu ya hadithi za Mtume katika Uislamu atauliza mara moja: isnadi, yaani mnyororo wa wasimulizi, iko wapi? Hakuna. Kinachobaki ni jina pembezoni mwa ukurasa, na mnakili aliyechoka aliweza kulikosea. Ndiyo maana majina yalipotea njia, wakati mwingine kwa namna ya kuchekesha. Pelagius, ambaye Yeronimo alimpinga vikali, aliandika ufafanuzi wa nyaraka za Paulo; ufafanuzi huo ukasambaa ukiwa na jina la Yeronimo. Kijitabu kiitwacho De spiritu et anima, kazi ya karne ya 12, kilisomwa kama cha Augustino. Thoma alikishtukia. Katika mjadala wake juu ya nafsi anasema wazi kwamba si cha Augustino, bali kinasemekana kuwa cha mmonaki fulani wa Kisistersiani, na katika Summa (I, 77, 8, yaani sehemu ya kwanza, swali la 77, kipengele cha 8) anaongeza kwamba hakina mamlaka, hivyo kilichoandikwa humo kinaweza kudharauliwa kwa wepesi uleule kilivyosemwa.

Njia ya kupima nukuu ilikuwa imeshaandikwa muda mrefu kabla ya hapo. Peter Abelard, katika dibaji ya Sic et Non, kitabu cha maswali 158 ambamo Mababa wanapangwa upande huu na upande ule bila jibu lolote, anaeleza hatua za kufuata. Kwanza hakikisha maandishi ni ya mtu huyo kweli na hayakuharibiwa na wanakili. Kisha tazama kama mwandishi hakuja kuifuta kauli yake baadaye, maana Augustino aliandika kitabu kizima cha kusahihisha vitabu vyake. Angalia kama anasema maoni yake au anasimulia ya wengine. Angalia kama neno moja linatumiwa na watu wawili kwa maana mbili. Kwa maoni ya Abelard hapo ndipo migongano mingi huyeyuka. Ikishindikana kabisa, pima ni nani mwenye uzito zaidi. Maandiko Matakatifu peke yake ndiyo yasiyoguswa: ukiona kosa humo, ni mnakili, au mfasiri, au wewe hujaelewa.

Thoma aliweka ngazi hizo kwa ufupi mwanzoni kabisa mwa Summa (I, 1, 8). Maandiko ni hoja ya teolojia yenyewe na yanafunga mjadala. Walimu wa Kanisa ni hoja ya ndani pia, ila ni ya uwezekano tu, haifungi mjadala. Wanafalsafa ni hoja ya kuazima kutoka nje, nayo ni ya uwezekano. Na anayemwita kutetea mpangilio huo ni Augustino mwenyewe, katika barua aliyomwandikia Yeronimo: vitabu vya Biblia pekee ndivyo anavyoamini havina kosa, wengine wote, hata wawe watakatifu na wasomi namna gani, hachukui kauli yao kuwa kweli kwa sababu tu wao waliona hivyo. Yaani ruhusa ya kutofautiana na Augustino ilitolewa na Augustino.

Nadharia hiyo tuione kazini. Swali (II-II, yaani nusu ya pili ya sehemu ya pili, 23, 2): je, upendo ulio ndani ya mwamini ni kitu kilichoumbwa katika nafsi yake? Lombard alikuwa amesema hapana. Upendo huo ni Roho Mtakatifu mwenyewe anayekaa ndani. Pingamizi la kwanza linamsimamisha Augustino, kitabu cha 8 juu ya Utatu: ampendaye jirani anaupenda upendo wenyewe, Mungu ni upendo, basi anampenda Mungu kuliko vyote. Ukiisoma peke yake, Lombard ameshinda. Kisha inakuja kauli ya upande wa pili, nayo ni ya nani? Augustino tena, sasa katika kitabu chake juu ya mafundisho ya Kikristo: upendo nauita mwendo wa nafsi wa kumfurahia Mungu kwa ajili yake mwenyewe. Mwendo wa nafsi ni kitu cha nafsi, basi kimeumbwa.

Mpaka hapo mamlaka, yaani nukuu za wakubwa, ni sare, na ndiyo kazi yake: kuonyesha kwamba swali ni la kweli. Uamuzi unatolewa kwa hoja. Thoma anasema Lombard alikusudia kuutukuza upendo, lakini ukitazama vizuri ameushusha, kwa sababu kama Roho anaisukuma nafsi bila nafsi kuwa na chochote chake cha kutendea, tendo la kupenda si la hiari tena, na bila hiari hakuna stahili (kustahili thawabu mbele ya Mungu). Baada ya hapo anarudi kwa Augustino wa pingamizi. Hasemi kwamba amekosea. Anasema hiyo ilikuwa namna ya kusema ya wafuasi wa Plato, ambao mafundisho yao yalikuwa yamemwingia Augustino, na wasiotambua hilo wamepata humo mwanya wa kupotoka.

Huku kuliitwa kumfafanua Baba kwa heshima. Mimi naona kuna ujanja kidogo ndani yake, na wao walijua. Alan wa Lille aliandika mwishoni mwa karne ya 12 kwamba mamlaka ina pua ya nta, waweza kuipinda upande wowote, ndiyo maana inahitaji kuimarishwa kwa hoja. Lakini si kila mara ujanja ulihitajika. Kuhusu siku sita za uumbaji, Augustino alifundisha kwamba vyote viliumbwa kwa mara moja, akitegemea Yoshua bin Sira 18:1; Basili na Ambrosi walishika siku zinazofuatana. Thoma hampindi yeyote. Alipokuwa kijana akifafanua Sentensi alikiri kwamba maoni ya Augustino yanampendeza zaidi, na katika Summa (I, 74, 2) anajibu hoja za pande zote mbili ili asiharibu rai yoyote. Imani haikuguswa, basi tofauti ikaachwa isimame.

Kuna mahali pengine ambapo Mababa wote walizidiwa. Swali lilikuwa kama watoto wa Wayahudi wabatizwe bila ridhaa ya wazazi wao (II-II, 10, 12). Jibu ni hapana, na sababu ya kwanza ni desturi: Kanisa halijawahi kufanya hivyo, na mamlaka ya Kanisa ifuatwe kuliko ya Augustino, Yeronimo au mwalimu mwingine yeyote.

Kwa anayeanza kusoma maandishi haya, kosa linalorudiwa kuliko yote ni kuchukua sentensi ya pingamizi na kuiandika kama fundisho la mwandishi. Mitandaoni limejaa. Kila kipengele cha Summa kina mapingamizi kwanza, kauli ya kinyume, jibu, halafu majibu ya pingamizi moja moja. Msimamo wa Thoma uko katika sehemu mbili za mwisho. Hata kauli ya kinyume si lazima iwe yake. Mara chache anaisahihisha nayo. Na ukikuta nukuu ya Baba inayokushangaza, itafute katika kitabu ilikotoka, usome aya iliyotangulia na inayofuata.

Jambo la Dionisio linaonyesha mipaka ya ustadi huo wote. Maandishi yake yalipokelewa kama ya yule Mwareopago aliyeongoka kwa mahubiri ya Paulo (Matendo 17:34), kwa hiyo yalihesabiwa karibu sawa na urithi wa mitume, na Thoma anayanukuu mamia kwa mamia ya mara. Kumbe yaliandikwa karibu na mwaka 500 na mtu aliyemeza falsafa ya Proclus, Mgiriki mfuasi wa Plato. Mwaka 1268 William wa Moerbeke alimtafsiri Proclus kwa Kilatini, na Thoma akatambua mara moja kwamba Liber de causis, kilichodhaniwa kuwa cha Aristotle, kimetolewa humo. Katika ufafanuzi wake wa kitabu hicho anamlinganisha Proclus na Dionisio hatua kwa hatua, anaonyesha wanapokubaliana na wanapoachana, wala hashuku jina. Lorenzo Valla alitia shaka katika karne ya 15. Uthibitisho kwamba Dionisio anamtegemea Proclus ulitolewa mwaka 1895 na Wajerumani wawili, Hugo Koch na Josef Stiglmayr, kila mmoja kivyake, kwa kuyalinganisha maandishi ya hao wawili.