Muamuzi wa softiboli: kazi yake na faida anayoipata

Softiboli ni mchezo wa timu mbili: mmoja anarusha mpira, mpinzani anaupiga kwa gongo, kisha anakimbilia besi, yaani vituo vya uwanjani. Muamuzi wake ni mtu anayetamka, mpira baada ya mpira, kilichotokea uwanjani: straiki au boli, auti (mchezaji ametolewa) au sefu (amefika besi salama). Refa wa kandanda anaweza kukaa dakika nzima bila ya kupuliza filimbi. Huyu anayesimama nyuma ya mdakaji, yaani mchezaji anayeupokea mpira usiopigwa, hana raha hiyo, kwani kila mpira ambao mpigaji ameuacha upite unangojea neno lake.

Mchezo wenyewe ulianzia Chicago, Marekani, mwaka 1887, na wanawake wakaucheza Olimpiki kwa mara ya kwanza mwaka 1996.

Neno la muamuzi linategemea eneo la straiki. Hili halichorwi chini. Ni nafasi iliyo juu ya besi ya nyumbani, anaposimama mpigaji, yenye upana wa sentimita 43, kuanzia usawa wa magoti ya mpigaji hadi kifuani. Mpira ukipita humo ni straiki, na tatu zinamtoa mpigaji. Ukipita nje ni boli, na nne zinampa besi ya kwanza bure. Katika mashindano makubwa ya wanawake mrushaji yuko mita 13.11 tu kutoka hapo, na mpira hufika chini ya nusu sekunde. Kwa hiyo muamuzi hutuliza kichwa, akaufuata mpira kwa macho mpaka glavuni, ndipo akatamka. Wanaoanza huponzwa na haraka ya kutamka.

Kwenye besi kazi ni nyengine. Mkimbiaji na mpira wakifika karibu pamoja, jicho halitazami pahala pawili. Muamuzi hutazama mguu ukigusa besi, na masikio yake yanasikiliza mlio wa mpira ukiingia glavuni. Hutafuta kwanza pembe inayomuonesha tukio. Ukaribu baadae, maana ukiwa hatua tatu na mgongo wa mchezaji umekuziba, huoni kitu.

Watazamaji wengi hawajui kwamba uamuzi wa macho, kama auti au sefu, kwa kawaida haukatiwi rufaa. Muamuzi akikosea kanuni, tuseme amemtoa mpigaji kwa straiki mbili, hapo timu ina haki ya kupinga. Muamuzi anayeujua mpaka huu humsikiliza kocha kwa utulivu kwenye suala la kanuni, na kwenye mengine huendeleza mchezo.

Faida kubwa naiona hapo khasa. Sisi wa Unguja na Pemba tunajuana. Kijana anayechezesha mechi ya skuli Wete au Makunduchi atamtoa binamu yake, mbele ya jirani na mwalimu wake, na kesho wataonana dukani. Akizoea kusema alichokiona kwa sauti iliyo wazi, uzoefu huo utamfaa darasani, kazini na kwenye kikao cha mtaa. Kazi hii nawatakia zaidi wasichana waliokulia kwenye nage, ambao macho yao yameshazoea mpira unaorushwa kwa kasi, na wanamichezo walioacha kucheza kwa jeraha au umri ilhali mapenzi yangalipo.

Asiingie mtu kwa kutegemea posho. Aanze na kitabu cha kanuni, aombe kusimama besi ya kwanza kwenye mechi za watoto pamoja na muamuzi mzoefu, na asiende nyuma ya mdakaji bila ya kinga ya uso na ya kifua.