Uchavushaji wa okidi: maana yake na namna unavyofanyika

Uchavushaji ni kule kufikishwa kwa chavua, yaani unga wa kiume wa ua, kwenye stigma, ambayo ndiyo sehemu ya kike inayoupokea, ili mbegu ipate kutungwa. Mkulima wa karafuu wa Pemba hauhitaji, kwa kuwa yeye huchuma matumba kabla hayajafunuka. Wa vanila hapati hata ganda moja bila ya uchavushaji, na vanila, ingawa tumezoea kuihesabu pamoja na mdalasini na hiliki katika mashamba ya viungo ya Kizimbani, ni okidi, yaani imo katika jamii moja kubwa ya mimea ya maua.

Chavua ya okidi haipeperuki kwa upepo kama ya mahindi. Imeshikamana ikawa mabonge madogo, na katika okidi nyingi mabonge hayo hukaa karibu kabisa na stigma, yakitenganishwa nayo na kiwambo chembamba tu. Mdudu akiingia kutafuta mbochi, yaani maji matamu ya ua, hutoka na bonge limemganda kichwani au mgongoni, akalifikishe kwenye ua jengine. Likifika, mzigo huo mmoja unatosha kutunga maelfu ya mbegu. Likipotea, ua limepoteza chavua yake yote kwa mara moja.

Kwa hivyo okidi huchagua mchukuzi wake. Iko moja ya Madagaska, Angraecum sesquipedale, ambayo mbochi yake imo ndani ya mrija wa kiasi cha sentimita 30, na Charles Darwin, mtaalamu wa viumbe wa Uingereza, alipouona aliandika mwaka 1862 kwamba lazima yuko nondo mwenye ulimi wa urefu huo; nondo mwenyewe alikuja kuelezwa kitaalamu mwaka 1903, Darwin akiwa ameshafariki. Nyengine hazilipi chochote. Okidi za Ophrys, za Ulaya, hufanana na nyuki jike hata kwa harufu, na dume anayezirukia huondoka na mzigo wa chavua tu, hali ambayo sioni neno la kuieleza isipokuwa ulaghai.

Vanila ya mashambani asili yake ni Mexico, na wadudu wa huko hawakuja nayo. Ua lake hufunuka asubuhi moja tu. Mwaka 1841, katika kisiwa cha Réunion, Edmond Albius, mtoto mtumwa wa miaka 12, alionyesha kwamba kiwambo kinaweza kuinuliwa kwa kijiti chembamba mfano wa chelewa, kisha chavua ikabanwa kwenye stigma kwa kidole gumba. Njia hiyo ndiyo inayotumika hadi leo, ua kwa ua, na ganda huchukua takriban miezi tisa kukomaa.

Mbegu za okidi ni kama vumbi na hazina akiba ya chakula, hivyo mwituni mbegu haioti mpaka ikutane na kuvu wa kuilisha, na katika maelfu yanayopeperuka ni chache mno zinazofika kuwa mmea. Mkulima hangojei bahati hiyo: shamba la vanila huanzishwa kwa vipande vya shina.