Roboti ya mtoto mgonjwa darasani: sheria haijaikataza

Kila muhula unapoanza, dawati letu la ulinzi wa data hupokea maswali yanayofanana. Mtoto anatibiwa saratani ya damu, au siko seli inamlaza kila baada ya wiki chache. Jamaa aliye Ulaya ametuma roboti ili afuate masomo akiwa kitandani. Mwalimu mkuu ameikataa kwa maelezo kwamba "sheria ya data hairuhusu." Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 haina kifungu cha namna hiyo. Ninaishika kila siku kazini, kingekuwepo ningekiona.

Inayoulizwa zaidi ni AV1 ya kampuni ya No Isolation, kutoka Oslo. Ni kichwa na kifua cha plastiki nyeupe kinachokaa juu ya dawati la mtoto, naye huiendesha kwa programu kwenye tableti. Huigeuza atazame ubao au jirani yake. Akitaka kujibu swali, taa ya kichwani humemeta. Siku asiyojisikia kusemeshwa, taa hugeuka buluu, darasa likajua leo anasikiliza tu. Wenzake hawamwoni, na hilo lilikusudiwa, kwa sababu mtoto aliyenyonyoka nywele kwa dawa huenda asitake uso wake uwe kwenye skrini mbele ya darasa zima. Zipo nyingine, kama VGo ya Marekani, zenye magurudumu na skrini ya kuonyesha uso. Hizo zinataka sakafu laini, na madarasa yetu mnayajua.

Wazazi hutuambia: hairekodi, basi hakuna data. Si kweli. Kuipeleka picha kutoka mahali pamoja hadi pengine ni kuchakata data, hata isipohifadhiwa mahali popote. Na picha hiyo si ya mtoto wako peke yake. Kifungu cha 33 kinataka ridhaa ya mzazi au mlezi wa kila mtoto ambaye data yake inachakatwa, na kinataka pia uchakataji wenyewe ulinde haki na maslahi ya mtoto. Kununua roboti hakukupi mamlaka juu ya watoto wa wenzako. Anayeomba ridhaa ni shule, kwa maandishi, kwa lugha ambayo mzazi anaielewa. Ujumbe wa "asiyekubali aseme" kwenye kikundi cha WhatsApp cha darasa si ridhaa. Tumelirudia hili hadi tumechoka.

Mzazi mmoja akikataa, mpango mzima hauanguki. Roboti huwekwa dawati la mbele ikitazama ubao, na mtoto huyo akakaa nyuma yake, ingawa kwa kuwa inaweza kugeuzwa, lazima mkubaliane itageuzwa hadi wapi. Sauti ya mtoto huyo bado itasikika, kwa hiyo mzazi huyo azungumziwe kwa heshima, asishinikizwe. Sitoi hapa uamuzi kuhusu shule yoyote. Kila ombi hupimwa kwa hali yake.

Kabla ya kuanza, shule ifanye tathmini ya athari kwa ulinzi wa data, yaani ripoti ya hatari zinazoweza kuwapata wahusika na namna ya kuzizuia, kwa sababu hapa kuna watoto, kuna habari za afya na kuna teknolojia mpya. Ripoti huwasilishwa kwa Kamishna wa Data, anayesimamia sheria hii, siku 60 kabla ya uchakataji. Muhula wa tatu una wiki tisa tu, fanyeni hesabu. Anayeanza kujaza fomu mtoto akiwa bado wodini atakuwa tayari akirudi nyumbani. Ripoti ieleze kifaa kinafanya nini, seva (kompyuta zinazopitisha picha na sauti) ziko nchi gani, nani ana neno la siri na kikiibwa itakuwaje. Data ikivuja na kuleta hatari kwa wahusika, shule ina saa 72 za kumjulisha Kamishna tangu ilipojua, na saa hizo hazisimami wikendi.

Faini ya kiutawala hufika shilingi milioni 5, au asilimia 1 ya mapato ya mwaka uliotangulia, kiasi kilicho kidogo kati ya hivyo viwili. Wanaodhani ni vitisho wakumbuke Septemba 2023, shule moja ya Uthiru, Nairobi, ilipotozwa shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila ridhaa ya wazazi.

Walimu nao wana hofu, na kwa hili ninawaunga mkono. Mwalimu haoni aliye upande wa pili wa tableti. Anaweza kuwa mtoto, mama yake, au mjomba aliyekuja kusalimia na sasa anahesabu mara ngapi mwalimu ametoka darasani. Makubaliano yaseme wazi: anayetumia ni mtoto peke yake, avae visikilizi, na wakati wa kipindi asirekodi mtu kwa simu nyingine. Hakuna mtambo unaozuia simu ya pili. Mtoto mdogo anayehitaji mtu mzima kando, mwalimu aambiwe ni nani.

Roboti isiingizwe chooni, chumba cha ushauri nasaha wala chumba cha kubadilishia nguo. Uwanjani wakati wa mapumziko, ridhaa ikiwapo, sioni kosa. Mchezo na wenzake ndio mtoto anaoukosa zaidi.

Ugonjwa wa mtoto ni data nyeti, yaani inayolindwa zaidi. Darasa liambiwe kile tu ambacho yeye na mzazi wamekubali. "Hayupo, atakuwa nasi kwa roboti" inatosha.

Mwenye malalamiko, mzazi au mwalimu, ayapeleke kwa Kamishna kwa maandishi au kwa mdomo. Uchunguzi hukamilishwa ndani ya siku 90. Halafu kuna usajili. Anayeendesha taasisi ya elimu lazima asajiliwe na Kamishna hata akiwa na walimu watatu tu, na cheti hudumu miezi 24. Kabla ya kuuliza habari za roboti, mwombe mwalimu mkuu akuonyeshe tarehe iliyo kwenye cheti hicho.