Hisa ya Jasho: Mafundisho ya Confucius Ndani ya Daftari za Hesabu za Shanxi

Zigong alipomuuliza mwalimu wake Confucius, mwanafalsafa wa kale wa China, nchi inahitaji nini, mwalimu alitaja chakula, jeshi na imani ya watu. Alipobanwa apunguze, aliacha jeshi, kisha chakula, imani akaibakiza. Wafanyabiashara wa China wamekua na fundisho hilo kwa vizazi vingi, na ndiyo maana tunaambiwa biashara yao husimama juu ya kuaminiana. Anayesimamia kampuni anahitaji kujua zaidi ya hapo: imani hiyo iliwekewa utaratibu gani? Nyumba za hundi za mkoa wa Shanxi zinajibu swali hili kwa tarakimu.

Ya kwanza, Rishengchang, ilifunguliwa mjini Pingyao karibu mwaka 1823. Tajiri alikuwa Li Daquan, meneja Lei Lütai. Zamani walikuwa na duka la rangi, na fedha zilisafirishwa kwa misafara yenye walinzi. Lei aliweka njia nyingine: mteja anakabidhi fedha Beijing, anapewa hundi, anachukua fedha zake katika tawi la mji mwingine. Anayeijua hawala ameshaelewa.

Tajiri akishamkabidhi meneja mtaji, hakuingilia kazi za kila siku hadi hesabu zifungwe, kwa kawaida baada ya miaka mitatu au minne. Kanuni yao ilikuwa: unayemtilia shaka usimwajiri, uliyemwajiri usimtilie shaka. Uhuru huo ulilindwa mapema. Kijana hakupokelewa bila mdhamini wa kubeba hasara akiiba, kisha alijifunza kazi takriban miaka mitatu. Nyumba nyingi zilikataza wana, wakwe na mashemeji wa tajiri wasiajiriwe. Hapa wengi hukosea: hudhani mafundisho ya Confucius yanamaanisha kuwapa ndugu vyeo. Watu wa Shanxi waliona kwamba meneja hawezi kumkemea shemeji wa tajiri.

Jambo lenye uzito zaidi, kwa maoni yetu, ni hisa. Zilikuwa za aina mbili. Hisa ya fedha ilikuwa ya mwenye mtaji. Hisa ya kazi ilikuwa ya mfanyakazi ambaye hakuweka hata senti. Hisa moja iligawanywa sehemu kumi. Karani aliyekubalika alianza na sehemu moja au mbili, akaongezewa hesabu zilipofungwa vizuri. Meneja mkuu alifikia hisa nzima. Katika nyumba ya Dadetong, iliyokuwa ya ukoo wa Qiao, mwaka 1889 hisa za fedha zilikuwa 20 na za kazi 9.7. Mwaka 1908 za fedha zilibaki 20, za kazi zikafika 23.95, na kila hisa ililipwa takriban taeli 17,000 za fedha (taeli moja ni kama gramu 37). Fungu la tajiri lilipungua, pato lake likaongezeka, kwa sababu mwaka 1889 hisa moja ilikuwa imelipwa taeli 850 tu. Huawei ya leo nayo ina hisa za wafanyakazi, ila wao huzinunua.

Hata maadili yalifanywa kifaa cha kazi. Rishengchang iliandika tarehe na kiasi kwa mafumbo: siku 30 za mwezi ziliwakilishwa na maneno 30 ya beti zilizosema kwamba njia ya mbingu ni ya haki na mwenye hila hulipwa mwishoni. Karani aliyesoma hundi alisoma pia onyo.

Kasoro zilikuwepo, na ni za kujifunza. Mwenye hisa ya kazi aligawana faida, lakini hasara ilimwangukia tajiri peke yake, bila kikomo. Mikopo ilitolewa kwa jina jema la mkopaji, bila rehani. Mapinduzi ya 1911, yaliyoangusha utawala wa kifalme wa China, yalipovuruga miji, wadaiwa hawakulipa huku wenye amana wakidai zao. Miaka michache kabla yake Li Hongling, meneja wa tawi la Beijing la nyumba ya Weifenghou, alishauri nyumba hizo ziungane kuwa benki ya kisasa. Wakubwa makao makuu walikataa, na adabu ya kuwatii wakubwa haikuacha nafasi ya kuwapinga. Rishengchang ilifilisika mwaka 1914.

Mwenye kampuni ndogo anayetaka kujaribu mfumo huu aanze hivi. Mtaji wake auhesabu hisa 20. Msimamizi apewe 1, wasaidizi wawili nusu kila mmoja, jumla 22. Baada ya miaka mitatu, faida ikiwa shilingi milioni 44, kila hisa ni milioni 2: tajiri 40, msimamizi 2, kila msaidizi 1. Kabla ya kugawa, madeni yasiyo na uhakika yatolewe kwenye hesabu, la sivyo mtagawana faida ya makaratasi. Sehemu ya mgawo wa kila mfanyakazi ibaki kama akiba ya kufidia hasara za kipindi kijacho. Hii inaziba tundu lililowazamisha Shanxi. Aandike pia hatima ya hisa mtu akiacha kazi, akifukuzwa kwa wizi au akifariki. Kule, familia ya marehemu aliyetumika vizuri iliendelea kulipwa kwa vipindi kadhaa. Yote yasainiwe siku mtu anapopewa hisa, kabla faida ya kwanza haijaonekana.