Kima cha chini si ujira wa kujikimu

Yakizuka mazungumzo ya nguo za bei rahisi na wanaozishona, hakosekani wa kusema: "Lakini wanalipwa ujira wa kujikimu, kima cha chini kipo kisheria." Nimeyasikia hayo mara nyingi mno, tena kwa watu wenye nia njema.

Kima cha chini ni kiwango ambacho mwajiri akilipa pungufu yake anavunja sheria. Ujira wa kujikimu ni ule unaomtosha mfanyakazi na familia yake kuishi maisha ya heshima. Mwaka 2024 Shirika la Kazi Duniani lilikubaliana juu ya tafsiri yake, na ndani yake mna sharti linalosahauliwa: upatikane katika saa za kawaida za kazi. Mshonaji anayefikisha kiasi hicho kwa ovataimu hadi usiku bado hajalipwa ujira wa kujikimu.

Nadhani tunachanganya kwa sababu maneno yenyewe ni ndugu. "Kima" ni qima ya Kiarabu, yaani thamani. "Kukimu" limetoka mzizi huohuo, ambao asili yake ni kusimama. Humo ndimo tulimopata "kaimu", anayesimama mahali pa mwingine, na "kiyama", siku wafu watakapofufuka wasimame. Ila ndugu hawa waliachana njia zamani. Kima ni cha kitu: hupangwa, hupanda, hushuka. Kukimu ni kwa mtu: ni kumpa mahitaji yake asianguke. Na ile "ji" katikati ina uzito wake, kwani anayejikimu anasimama kwa nguvu zake, bila kukopa kila mwezi unapofika nusu.

Tazama Bangladesh. Kima cha chini cha wafanyakazi wa viwanda vya nguo kilipangwa mwaka 2018 kuwa Taka (sarafu ya nchi hiyo) 8,000 kwa mwezi, kikabaki hapohapo miaka 5 huku bei za vyakula zikipanda. Mwaka 2023 wafanyakazi walidai 23,000, wakaandamana, wengine wakauawa barabarani. Kilichopangwa ni 12,500. Kiwanda kilicholipa hizo 12,500 kimetii sheria.

Tena pengo hilo kati ya kima cha chini na ujira wa kujikimu haliishii tumboni. Tarehe 23 Aprili 2013 jengo la Rana Plaza, lenye viwanda vya nguo huko Savar karibu na Dhaka, mji mkuu wa Bangladesh, lilionekana lina nyufa. Benki iliyokuwa humo ikaondoa watu wake. Washonaji wakaamriwa warudi kesho yake, baadhi wakitishiwa kukatwa mshahara, nao wakaingia. Jengo likaporomoka, wakafa watu zaidi ya 1,100. Mtu asiye na akiba ya kumvusha mwezi mmoja atakataaje kupanda ngazi?

Kwa hiyo, ndugu yangu, ukitaka kusema kiwanda kinafuata sheria, sema kinalipa kima cha chini. Ni kauli sahihi. Neno kujikimu liache kwanza, mpaka uwe umejumlisha kodi ya nyumba, chakula, matibabu na ada za watoto, ukalinganisha na mshahara usio na ovataimu ndani yake.